Kufuata pwani kwa yoti ndogo ya injini: nikae umbali gani na nchi kavu?

SWALI: Nimenunua yoti ya injini yenye urefu wa mita 10.5 na uzito wa tani 6 hivi. Ina injini moja ya dizeli ya kilowati 170 na matangi mawili yanayobeba jumla ya lita 500. Aliyeniuzia anasema inakimbia noti 14, yaani maili 14 za baharini kwa saa. Mimi na mke wangu tunataka kufuata pwani kwa maili 600, tukitembea mchana tu na kulala bandarini au nangani, na tumejipa wiki tatu. Rafiki yangu ananishauri niushike ufukwe kwa karibu safari nzima, ili kikitokea chochote tuwe jirani na nchi kavu. Je, yuko sahihi? Nitembee kwa mwendo gani, na mafuta hayo yatatufikisha wapi?

JIBU: Rafiki yako anakutakia mema, lakini ushauri wake una kasoro kubwa. Injini ikizima maili tano kutoka pwani, chombo kizima kinaelea tu. Kitakwenda mrama, kitawatapisha, na nyinyi mtakuwa na nafasi ya kutengeneza. Ikizima robo maili kutoka kwenye mwamba, huku upepo unavuma kuelekea nchi kavu, mna dakika chache za kufanya jambo la maana. Kwa yoti ya injini moja, sehemu ya kuogopwa kuliko zote ni ile ambapo nchi kavu na maji vinakutana. Kwa hiyo nitaanza na swali la umbali, kwa sababu mafuta, mwendo na hata idadi ya siku vinategemea jibu lake.

Fikiria kwanza ni lini injini ya dizeli huzima. Ikipata mafuta safi, hewa, na maji ya kuipoza, huwa haina visa. Kinachoizima mara nyingi ni uchafu wa mafuta. Tangi lililokaa miaka gatini huwa na tope chini: kutu, maji yaliyotokana na unyevu wa hewa, na utando mweusi wa vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana. Bandarini tope hilo limelala. Siku ya mawimbi linavurugwa, linanyonywa, linaziba filta, na injini inaanza kupandisha na kushusha mlio hadi inanyamaza. Maana yake ni kwamba siku ya kuzima haiji kwa bahati nasibu. Huja pamoja na mawimbi, na mara nyingi pamoja na upepo uleule unaokusukuma ufukweni.

Sasa tupige hesabu. Yoti iliyozima haibaki ikitazama ilikokuwa inakwenda. Hugeuka ubavu kwa upepo, na kwa kuwa sehemu yake iliyo juu ya maji ni kubwa, husukumwa kirahisi. Upepo wa noti 20 unaweza kuichukua kwa mwendo wa noti 2 hivi. Je, wewe binafsi unahitaji muda gani kubadilisha filta ya dizeli, kutoa hewa kwenye njia ya mafuta na kuwasha tena? Gatini, injini ikiwa baridi, labda robo saa. Baharini, huku sakafu inapanda na kushuka, injini ni ya moto, harufu ya dizeli inakupanda puani na spana inakuponyoka mkononi, weka dakika 40. Dakika 40 kwa noti 2 ni maili 1.3. Zidisha mara mbili, kwa kuwa jaribio la kwanza huenda lisifaulu, na jibu lako ndilo hilo: upepo ukivuma kuelekea pwani, usikae chini ya maili 3 kutoka kitu chochote kigumu. Nazungumzia maili ya baharini, ya mita 1,852.

Upepo ukitoka nchi kavu hesabu inageuka. Maji ya karibu na pwani yanakuwa shwari, kwa sababu upepo haujapata nafasi ya kuyainua, na ukizima unasukumwa nje kwenye maji mengi. Siku kama hiyo unaweza kutembea maili moja kutoka ufukweni, mradi ramani imekuonyesha kuwa hapana mwamba wala fungu la mchanga.

Kina nacho kina usemi. Nanga ndiyo breki pekee ya chombo kilichozima, na breki hiyo haifanyi kazi pale ambapo chini ya bahari hapafikiki. Pwani yenye maji ya mita 15 au 20 hadi maili kadhaa nje ni pwani ya huruma: ukizima unashusha nanga, unatengeneza kwa utulivu. Pwani inayoporomoka kilindini hatua chache kutoka kwenye majabali haikupi nafasi hiyo mpaka uwe tayari umechelewa, kwa hiyo huko ongeza umbali. Na nanga yenyewe iwe tayari. Nimeona yoti nyingi nzuri ambazo nanga yake imefungwa kwa kamba za mafundo matatu, na winchi inategemea betri ambazo siku hiyo huenda zimekufa. Iwe imezuiwa kwa pini moja inayochomoka kwa mkono, na wote wawili mjue kuiachia bila umeme.

Ziko sababu nyingine za kujiweka mbali. Mawimbi yanayogonga majabali yaliyosimama wima hurudi na kupambana na yanayokuja, na maji ya hapo hurukaruka bila mpangilio hata siku ambayo maili mbili nje ni safi. Karibu na nchi ndiko pia kuna nyavu na kamba za mitego, na kamba moja ikijisokota kwenye rafadha, panga zinazosukuma chombo, inakuzimisha kabisa kabisa. Nazo rasi zina tabia yake. Mkondo unaopita taratibu kando ya pwani hubanwa ukifika rasini, unaongeza kasi, na ukikutana na upepo wa kutoka upande wa pili, mawimbi huwa mafupi na ya kusimama. Rasi kubwa ama uipite maji yakiwa yametulia kati ya kujaa na kupwa, ama uizunguke kwa mbali, maili 5 au zaidi. Kuikata kwa karibu ili kuokoa nusu saa hakuna faida.

Kabla ya safari, basi, kazi ya kwanza iko ndani ya matangi. Nyonya dizeli kutoka chini kabisa ya kila tangi, itie kwenye chupa ya kioo, iache usiku kucha. Asubuhi, maji yatakuwa yamejitenga chini na tope limelala juu yake au ndani yake. Ukiona tabaka lolote la maana, matangi yasafishwe kabla hujafungua kamba. Kisha jizoeze kubadilisha filta. Funga koki ya mafuta, weka kopo chini, fungua bakuli la filta, toa iliyochoka, paka mafuta kidogo kwenye mpira wa filta mpya, ijaze dizeli safi kama aina yake inaruhusu, funga. Legeza skrubu ya kutolea hewa, piga pampu ya mkono mpaka povu liishe na dizeli itoke bila kiputo hata kimoja, ndipo ukaze na kuwasha. Rudia mpaka mikono iweze bila kutafuta spana. Mke wako naye afanye.

Kama unayo fedha ya kifaa kimoja tu cha ziada, usinunue skrini kubwa zaidi ya ramani. Funga filta mbili sambamba zenye mkono wa kubadilishia. Moja ikiziba unageuza mkono na injini inaendelea, kisha unabadilisha iliyoziba kwa nafasi yako. Ongeza geji ya mvuto kati ya filta na pampu. Sindano yake huanza kupanda muda mrefu kabla injini haijaonyesha dalili. Kwa kuwa una matangi mawili, yatumie kwa akili: mafuta ya bandari usiyoijua yaingie tangi moja tu, na injini iyanywe ukiwa bado gatini kwa nusu saa. Ukitia yote mawili kwa mkupuo na mafuta yakawa mabovu, huna tena tangi la kukimbilia.

Kuhusu maji ya kupoza sitasema mengi. Angalia kila saa kama ekzosi inatema maji kama kawaida, beba impela ya mpira ya akiba, kile kigurudumu kinachosukuma maji hayo, na ujue kuibadilisha, beba mikanda ya akiba.

Tuje kwenye mwendo na mafuta, ambako muuzaji amekupa namba ya kuuzia. Noti 14 ni mwendo wa injini yote, chombo kitupu, bahari bapa. Kila chombo kinachokata maji badala ya kupanda juu yake kina mwendo wake wa asili, unaotokana na urefu wa sehemu iliyomo majini. Chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, zidisha kwa 2.43, unapata noti. Yoti yako ikiwa na mita 9.5 kwenye mstari wa maji, mwendo huo ni noti 7.5 hivi. Chini ya hapo inateleza kwa nguvu ndogo mno. Ukiuvuka inaanza kujichimbia shimo: tezi (nyuma ya chombo) inazama, omo (mbele yake) unainuka, na unachoma mafuta ili kupanda wimbi ulilolitengeneza mwenyewe.

Kwa namba za makadirio: injini ya dizeli hunywa robo lita na ushee kwa kila kilowati kwa saa. Kilowati 170 zote zikifanya kazi ni lita 45 kwa saa, na kwa noti 14 hiyo ni lita 3.2 kwa kila maili. Kwa noti 7, chombo cha ukubwa wako kinaweza kuhitaji lita 6 kwa saa, yaani chini ya lita moja kwa maili. Toa lita 50 za chini ambazo hupaswi kuzigusa, toa lita 100 za akiba, unabaki na 350. Kwa noti 14 zitakupeleka maili 109. Kwa noti 7 zitakupeleka maili 400. Yaani safari yako yote ingehitaji lita 516 kwa mwendo wa pole na zaidi ya 1,900 kwa mwendo wa muuzaji. Mwendo mbaya kuliko yote ni wa katikati, noti 9 au 10, ambapo unalipa karibu bei ya kukimbia na unapata mwendo wa kutambaa.

Namba hizo ni za kupangia tu. Zako halisi zipate mwenyewe: jaza tangi hadi juu, tembea saa mbili kwa kasi moja ya mzunguko wa injini, jaza tena, gawanya. Fanya kwa kasi tatu tofauti, andika kwenye karatasi, ibandike karibu na usukani. Kisha kumbuka kwamba upepo wa omo na mawimbi yake vinaweza kuongeza matumizi kwa theluthi. Ndiyo maana mabaharia wengi wa injini hushika kanuni ya theluthi tatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya lile usilolitarajia. Katika safari ya kufuata pwani, ile ya kurudi ina maana kwamba ukifika mlango wa bandari na kuukuta umefungwa na mawimbi, bado unaweza kurudi ulikotoka. Mwendo wa pole nao una dai lake dogo: injini kubwa inayofanya kazi kidogo siku nzima hukusanya masizi, kwa hiyo kabla ya kuingia bandarini ipe kazi nzito kwa dakika 10 au 15.

Hapo ndipo wiki tatu zinapoanza kubana. Maili 600 kwa noti 7 ni saa 86 za injini. Ukitembea saa sita kwa siku, umemaliza siku 14 na ushee, kila moja ikiwa nzuri. Pwani nyingi hazitoi siku nzuri mfululizo, na katika kila siku tatu mimi huhesabu moja ya kukaa bandarini. Jumla inafika siku 21 au 22, na hujatenga siku hata moja ya kusubiri fundi, kuumwa kichwa au kupapenda mahali. Ama ongeza wiki, ama punguza njia iwe maili 400. Msinunue tiketi ya kurudi kwa tarehe maalumu, wala msimwahidi mtu kumpokea kwenye bandari fulani siku fulani. Nahodha mwenye miadi huanza kusoma utabiri kwa macho ya kutaka uwe mzuri.

Utabiri wenyewe usome hivi. Urefu wa mawimbi unaotangazwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi, si wimbi kubwa kuliko yote. Ukiambiwa mita 1.5, tegemea kwamba ndani ya saa kadhaa utakutana na la karibu mita 3. La pili, usiangalie urefu tu, angalia sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mita 2 zinazokuja kila baada ya sekunde 11 zinakuinua na kukushusha kama mtoto kwenye bembea. Mita 1.2 za kila sekunde 4 zitakuvunjia vyombo kabatini. La tatu, angalia mkondo unakwenda wapi ukilinganisha na upepo. Upepo ukienda kinyume na mkondo, mawimbi yanasimama wima. Mkondo ukigeuka baada ya saa chache, maji yaleyale yanalala.

Tazama pia bamba la mtengenezaji. Kwenye vyombo vilivyotengenezwa kwa kanuni za Ulaya huwa kuna herufi. C maana yake chombo kimesanifiwa kwa upepo usiozidi nguvu ya 6 kwenye kipimo cha Beaufort, yaani noti 27, na mawimbi ya hadi mita 2. B ni nguvu ya 8 na mita 4. Herufi hiyo inaeleza uwezo wa chombo, haielezi uwezo wa watu waliomo. Kwa msimu wenu wa kwanza ningeweka mwisho wenu kwenye nguvu ya 4, noti 16, na siku ya upepo wa omo ningeushusha hadi noti 12. Ondokeni kukipambazuka. Siku za jua, nchi kavu ikishapata joto, upepo wa kutoka baharini huinuka mchana, na mtu aliyefika nanga saa nane huusikia akiwa amelala.

Mkiwa njiani na mawimbi yakawa ya ubavuni, yoti yenu itakwenda mrama vibaya, maana haina tanga la kuishika. Msivumilie kwa sababu tu mstari kwenye skrini umenyooka. Geuzeni mkono mmoja mpaka mawimbi yaje kwenye shavu la omo, tembeeni hivyo nusu saa, kisha geukeni mawimbi yawe nyuma ya bega. Njia itaongezeka maili chache na mtafika mkiwa watu.

Sasa milango. Kwa kila kipande cha safari, kabla ya kulala, andika mahali pote pa kukimbilia njiani, na kwa kila pahali maneno matatu: kina wakati maji yamekupwa, upepo unaopafunga, na kama panaingilika usiku. Utashangaa ni pangapi panakatwa kwenye orodha. Mlango wa mto wenye fungu mbele yake si mahali pa kukimbilia hata kama ramani imeuchorea alama ya nanga. Wimbi huanza kuvunjika kina kikikaribia urefu wake mara moja na theluthi, na maji ya mto yanayotoka wakati wa kupwa huyafanya mawimbi yasimame mapema zaidi. Ukiwa upande wa bahari unaona migongo yao tu, laini na ya kung'aa. Nyuso zinazoporomoka ziko upande wa pili, usikoweza kuona. Ndiyo maana watu huingia wakidhani pametulia. Usiingie mlango wa fungu maji yakitoka na mawimbi yakija. Subiri nje yaanze kujaa, au nenda mlango unaofuata. Theluthi yako ya pili ya mafuta ni ya siku hiyo.

Ukiingia, kumbuka kuwa boya jekundu halina maana moja dunia nzima. Katika eneo A la IALA, mfumo wa kimataifa wa maboya, ambalo ni sehemu kubwa ya dunia, ukitoka baharini jekundu linakaa kushoto kwako. Katika eneo B, yaani Amerika Kaskazini na Kusini, Japani, Korea na Ufilipino, linakaa kulia.

Skrini ya ramani ni kifaa kizuri chenye ujanja mmoja mbaya: ukiitazama kwa mbali inaficha vitu. Tarehe 29 Novemba 2014 yoti ya mashindano Vestas Wind, yenye mabaharia wa daraja la juu duniani, ilipanda mwamba wa Cargados Carajos katika Bahari ya Hindi usiku, kwa sababu ramani haikuwa imekuzwa kiasi cha kuonyesha hatari iliyokuwa mbele. Watu wote tisa waliokolewa. Kila ukichora njia, ipitie yote kutoka mwanzo hadi mwisho ukiwa umekuza ramani. Inachukua muda, na inachosha, ndiyo maana watu hawafanyi. Na ikumbukwe kwamba kina kilichoandikwa ni cha maji ya kupwa sana. Maji yanayojaa juu ya hapo uyahesabu mwenyewe. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja: katika saa sita hivi za kujaa, nusu ya yote huingia katika saa ya tatu na ya nne. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, kosa la nusu saa linaweza kuwa nusu mita.

Mkeo si abiria. Chombo cha watu wawili kina mabaharia wawili, na siku utakayoanguka majini au kushikwa na maumivu ya kifua atakuwa mmoja. Awe anajua mambo manne bila kukuuliza: kusimamisha chombo, kusoma mahali mlipo, kutumia redio, na kukirudisha chombo kwa mtu aliye majini akiwa ameweka gia huru ili rafadha isizunguke karibu naye. Jaribuni na boya siku ya shwari. Mtagundua kwamba kumfikia mtu ni rahisi, kumpandisha ndiko kazi. Kwa hiyo ngazi ishuke mpaka chini ya maji na iweze kufunguliwa na aliye majini. Anayetoka nje peke yake avae koti la kuokolea.

Redio iwe ya VHF iliyofungwa, wati 25, antena juu kadiri inavyowezekana, kwa kuwa mawimbi yake hayapiti upeo wa macho. Chaneli ya 16 ni ya dhiki na ya kuitana. Kitufe chekundu kilichofunikwa hutuma jina la chombo na mahali kilipo chenyewe, lakini ikiwa tu namba yenu ya utambulisho wa redio, ya tarakimu tisa, imeingizwa na redio imeunganishwa na GPS. Thibitisha yote mawili. Redio nyingi za mitumba hazina hata moja. Simu ya mkononi ibebeni, msiitegemee. Mkipitia nje ya maili chache, kifaa cha kutuma ishara ya dhiki kwa masafa ya megahezi 406, kinachosikika na setilaiti, kinastahili gharama yake.

Nangani, urefu wa mnyororo hauhesabiwi kwa kina unachokiona ukifika. Mfano, kifaa kinaonyesha mita 4 chini ya uso wa maji, maji bado yatapanda mita 2, na omo uko mita 1.2 juu. Jumla ni 7.2; mara tano kwa mnyororo ni mita 36. Ikiwa sehemu kubwa ni kamba, mara saba. Nanga ikigusa chini, acha chombo kirudi nyuma polepole, kisha piga gia ya nyuma na chagua vitu viwili ufukweni vilivyo kwenye mstari mmoja. Vikiachana, nanga inaburura, ng'oa uanze upya hata kama watu wanatazama.

Mwisho, mwachie mtu wa nchi kavu karatasi yenye jina na rangi ya chombo, namba ya redio, idadi ya watu, njia ya siku hiyo na namba ya waokoaji wa eneo hilo. Mpe saa mbili tofauti: saa mnayotarajia kufika na kumjulisha, na saa ambayo, asiposikia kitu, atawapigia waokoaji bila kusubiri zaidi. Kati yake weka saa tatu au nne, ili filta iliyoziba au mlango uliofungwa usiwatoe watu majumbani bure. Mkibadilisha bandari njiani, mjulisheni kabla hamjatia nanga.